Kwa Nini Mwenyeji Hutoka na Nguo Mkononi

Tulieni niwaeleze jambo hili lilivyoanza, maana mnaliona kila mgeni anapofika na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza.

Kulikuwa na wakati ambapo mgeni aliingia kijijini vile alivyotoka kwao. Hakuna aliyemwambia lolote, naye hakuuliza. Watu wa Mlima Ukwemi walivaa ngozi za kondoo zilizowafunika toka mabegani hadi miguuni, kwa sababu baridi ya kule huuma. Vichwa waliviacha wazi. Kwao mtu aliyefunika kichwa alikuwa na la kuficha, na kumvua mtu ngozi yake mbele za watu ilikuwa ndiyo namna ya kumfukuza mchawi.

Huku chini kwetu, kwenye Mbuga ya Chumvi, jua halina huruma. Wazee wetu walivaa shuka nyepesi za pamba, na kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, alizungusha kitambaa kichwani. Kichwa wazi kilikuwa na maana moja tu: anayekuja hivyo ameleta habari za kifo. Na mjumbe wa kifo hakuruhusiwa kufungua kinywa mpaka mfiwa anyolewe nywele.

Basi, palikuwa na mpika chumvi wa huku aliyeitwa Kasanda. Kila baada ya mavuno alibeba mzigo wa chumvi kwenda mlimani kuibadilisha kwa maharage. Safari moja aliteleza kwenye mawe yenye utelezi wa maji, akavunjika mguu. Aliyemsikia akilia alikuwa Nakijwa, mjane wa huko mlimani mwenye nyumba kando ya njia. Yeye na ndugu zake walimbeba, wakamfunga banzi, wakamlaza karibu na moto. Mguu ukaanza kuunga, lakini polepole. Masika yakaja, Kasanda bado hawezi kutembea.

Kilichomtesa hakikuwa mguu. "Mke wangu Nyamizi atadhani nimekufa," alisema kila akiamka.

"Basi nitakwenda mimi nikamwambie u hai," Nakijwa akamjibu. Hakuwa mwanamke wa kusema neno akalirudisha.

Kasanda alimweleza mito ya kuvuka. Alimweleza mahali penye chui, na mlango wenyewe wa nyumba yake. Habari za kitambaa hakumweleza. Nani humfundisha mwenzake kupumua?

Nakijwa aliipaka mafuta ngozi yake nzito kuliko zote, ile ya sherehe, kwa sababu alikuwa anakwenda ugenini na alitaka kuwaheshimu wenyeji. Akateremka. Alipofika mbugani jua lilikuwa juu kabisa. Jasho lilimtiririka mpaka macho yakawaka, lakini ngozi hakuivua. Alipita nyumba ya kwanza, akapita ya pili. Watu waliokuwa wakichochea moto chini ya vyungu vya chumvi walimwona, wakainamisha nyuso. Aliwaamkia, hawakuitika. Akajisemea kwamba huenda watu wa huku ni wapole.

Nyamizi alikuwa uani akikoroga chungu. Akainua macho, akaona mwanamke anayetokea njia ya mlimani, kichwa wazi. Mwiko ukamponyoka. Yowe alilopiga lilisikika mbuga nzima.

Nakijwa akashtuka. "Dada, nimetoka kwa..."

Mkono wa mtu ukamziba kinywa. Alikuwa Milembe, shangazi yake Kasanda, mwanamke mkubwa katika ukoo. "Nyamaza, mwanangu. Utasema ukiruhusiwa."

Wakamketisha juani, mahali pa mjumbe wa kifo. Mioto yote ikamwagiwa maji. Wanawake wakamzunguka Nyamizi, na Milembe akachukua wembe. Nakijwa aliziona nywele zikianguka, na hapo akaelewa. Hakujua wameijuaje habari ambayo haipo, lakini alijua wanamlilia nani. Akataka kusimama. Joto na ile ngozi vilikuwa vimemmaliza, akaanguka kifudifudi.

Walipomwinamia wamvue ngozi apate hewa, aliishikilia kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia uhai wake. "Msinivue! Sikumroga mtu!" akalia. "Kasanda yu hai! Yuko nyumbani kwangu, mguu umevunjika!"

Milembe akatikisa kichwa. "Jua limempanda. Kichwa chake kimeshatuambia, kinywa kinasema kingine."

Nyamizi alisogea. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa, upande wa pili bado. Akapiga magoti mbele ya mgeni. "Kama yu hai, alikutuma nini?"

"Alinituma nikuulize," Nakijwa akasema kwa sauti iliyokauka, "kama yule mbuzi mweusi alishazaa. Na kama amezaa, usimpe ndugu yako yule mtoto, maana anajua utampa."

Nyamizi alimtazama. Kisha akacheka, kicheko na machozi pamoja, akacheka mpaka akashika mbavu. Mbuzi alikuwa amezaa. Na mtoto wa mbuzi alikuwa ameshapelekwa kwa ndugu yake.

Wapo waliokasirika. Chumvi ya siku hiyo iliharibika yote, na kumlilia mtu aliye hai ni mkosi. Wakataka mgeni aondoke kabla jua halijatua. Nyamizi akasimama, na nusu ya nywele zake, akasema bila kutetemeka: "Huyu amepita milango yenu yote. Kila mmoja alimwona, kila mmoja akainama. Nani alimuuliza kwao wanavaaje? Aliyemlea mume wangu hafukuzwi kwangu."

Akamwingiza Nakijwa ndani, akafunga mlango ili asivuliwe mbele za watu, akampa maji na shuka ya pamba. Akamfunga kitambaa kichwani kwa mikono yake. Nakijwa alivuta pumzi ndefu. "Kumbe huku mtu anaweza kuvaa upepo," alisema.

Walipopanda mlimani pamoja kumfuata Kasanda, baridi ilimkuta Nyamizi kwenye kijito cha mpakani, meno yakagongana. Nakijwa akasimama. "Hapa sasa ni kwetu. Vaa ngozi hii. Na kitambaa, dada, ukifungue. Ukiingia umejifunika watasema umeficha ubaya."

Nyamizi akashika kichwa chake. "Nitawaonyeshaje hiki?"

"Waonyeshe. Nitatangulia niwaambie."

Akatangulia, akawaambia. Nyamizi akapita katikati ya watu wa Ukwemi kichwa wazi, nusu kipara nusu nywele, ngozi ikiburuzika miguuni, na wazee wakasimama kumpa njia. Kasanda alipomwona mlangoni alidhani ni ndoto. Akanyoosha mkono, akagusa upande ule ulionyolewa.

"Nilikulilia," Nyamizi akamwambia. "Usinitendee hivyo tena."

Walirudi mbugani Kasanda akichechemea. Milembe mwenyewe ndiye aliyetoka mpaka njiani kuwalaki, na safari hii alikuwa na vitambaa viwili mkononi, kimoja cha Kasanda, kimoja cha Nakijwa aliyewasindikiza.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu anayemwona mgeni kwanza huacha kazi yake, hutwaa nguo, hutoka kumpokea. Humuuliza kwao wanavaaje, kisha humwonyesha sisi tunavaaje na kwa nini. Mgeni mstaarabu naye husimama nyumba ya kwanza, haulizi habari nyingine kabla ya hiyo. Hata hawa wanaokuja siku hizi na kamera shingoni, mapaja nje na mabega yameungua jua, hupewa shuka, nao wakishaivaa huona wenyewe kwamba inawakinga. Ila mwenye kutoa nguo ana sharti lake: haruhusiwi kucheka, hata mgeni akiivaa kichwa chini miguu juu.