Siku Mzee Kiboko Alipokufa Kidogo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa viatu Jumapili na kuvivua Jumatatu, palikuwa na tajiri mmoja akiitwa Mzee Kiboko. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, hadithi hii ina maiti.

Mzee Kiboko alikuwa mzee wa kanisa. Alikaa benchi la mbele peke yake, si kwa cheo, ila kwa kuwa akishakaa yeye nafasi inakwisha. Akiimba besi, vumbi lilidondoka kutoka darini. Nyumbani kwake alikuwa na maghala mawili yaliyojaa mahindi, na funguo zake alilala nazo kiunoni.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Mashamba yakakauka, watu wakaanza kuchimba mizizi ambayo hata mbuzi anaikataa. Ndipo Mama Digidigi, mjane, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Mzee."

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Unga, Mzee. Kibaba kimoja tu. Kitindamimba wangu leo ameshindwa kusimama."

"Oooh! Pole sana! Fumba macho tuombe."

Akaomba. Weee, aliomba huyo! Aliombea mvua, akaombea mawingu, akaombea jembe na mpini wake. Mama Digidigi akafumbua jicho moja kuona kama unga unakuja. Hola!

"Amina," akasema Kiboko. "Nenda kwa amani, mama. Na ufunge mlango, kuku wasiingie."

Habari zikamfikia Mchungaji Korongo. Jumapili akapanda mimbarani akahubiri juu ya tajiri aliyetaka kuvunja ghala lake ajenge kubwa zaidi, kisha usiku huohuo akafa, asionje hata punje. Mahubiri makali! Tatizo ni kwamba Kiboko alikuwa amesinzia. Alizinduka pale penye kujenga ghala kubwa zaidi, akaona ni wazo zuri, akasinzia tena.

Jumatatu akanunua mbao.

Sasa, jirani wa Mama Digidigi alikuwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro, mdogo, mwembamba, mkia mrefu na ulimi mrefu kuliko mkia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Kila siku alimsikia yule mtoto akilia njaa ng'ambo ya ukuta, akamkasirikia Kiboko. Kisha siku moja kilio kikakoma, maana mtoto hakuwa tena na nguvu ya kulia. Hapo Nguchiro aliogopa. Akashika njia mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama ni unga, tuombe."

"Si unga. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mazishi yako."

"Mazishi yangu! Kwani nimekufa?"

"Bado, Mzee, bado. Ila kamati lazima ijipange mapema, maana wewe si wa kubebwa na watu wanne. Nimezunguka kijiji kizima nikiuliza nani atakuja kukuzika. Swala anasema siku hiyo atakuwa shambani."

"Siku gani?"

"Yoyote utakayokufa."

"Shambani kuna nini na jua hili?"

"Hata mimi nilijiuliza hivyohivyo."

Kiboko akatoa pumzi puani, fuuuu! "Mimi? Mzee wa kanisa? Nisililiwe?"

"Huenda nimesikia vibaya, Mzee. Lakini kuna njia ya kuhakikisha."

"Ipi?"

"Ufe."

"Nife!"

"Kidogo tu. Asubuhi mpaka alasiri. Unalala kwenye jeneza, macho umefumba, masikio wazi. Utamjua anayelia kwa machozi na anayejipaka mate. Kisha unaamka, unawashukuru wema, na wabaya unawaweka moyoni."

Kiboko akakuna kidevu. "Wabaya nitawaweka moyoni sana," akasema. Huyo amenasa!

"Ila, Mzee, maiti hashiki funguo. Zikilia cheng'e cheng'e jenezani, watatugundua."

Kiboko akasita. Akazifungua kiunoni, akampa mkewe. Naye Bi Kiboko akazitazama kama mtu anayemwona ana kwa ana mgeni aliyesikia habari zake tu miaka yote.

Jeneza likatengenezwa na fundi Kigogota, ko! ko! ko!, kwa zilezile mbao za ghala jipya. Ziliisha zote.

Asubuhi kengele ya kanisa ikalia, ngo! ngo! ngo! Bi Kiboko akaangua kilio. "Uwiii! Uwiii! Nimebaki na nani miye!" Kisha akainama kwa Nguchiro: "Nipandishe sauti?"

"Hapo hapo panatosha, mama."

Watu wakaja. Walikuja wakubwa, walikuja wadogo, walikuja hata waliosema watakuwa shambani. Na kwa nini wasije? Msibani hatoki mtu na njaa. Ndiyo desturi. Waliofiwa wanapika, waombolezaji wanakula, na asiyekula wanasema ana kinyongo na marehemu. Jambo hili Kiboko alilijua sana, kwani hakuwahi kukosa msiba wa mtu. Alisahau tu kwamba safari hii marehemu ni yeye.

Alilala jenezani, kifuniko wazi, Nguchiro kando yake akimfukuzia nzi kwa mgwisho.

"Nguchiro," akanong'ona. "Wamekuja?"

"Wamejaa mpaka barabarani."

"Ehee! Nilijua!"

Mara akasikia, twa! twa! twa!

"Nguchiro! Nini hicho?"

"Kinu, marehemu."

"Wanatwanga nini?"

"Mahindi, marehemu."

"Mahindi ya nani?"

"Ya marehemu."

"Aaah! Nani kafungua ghala?"

"Mjane."

"Mjane gani?"

"Wako."

Kiboko akataka kuinuka. Nguchiro akamshindilia mgwisho puani. "Tulia! Mchungaji yuko hapo. Utamwambia nini? Mzee wa kanisa kadanganya kifo? Au utasema umefufuka? Wenzako walifufuka kwa utukufu, wewe utakumbukwa kwa kufufukia ugali!"

Kiboko akalala tena. Chozi likamtoka, likateremka shavuni. Fisi alikuwa akipita na sahani ya pili, akasimama.

"He! Maiti analia!"

"Ni jasho," akasema Nguchiro. "Joto limezidi. Maharage yamefika upande ule."

Fisi akaenda upande ule mbio.

Watu waliposhiba, Mchungaji Korongo akasimama, akanyoosha shingo. "Ndugu zangu, nani ana neno jema juu ya marehemu?"

Kila mtu akainamia sahani yake. Nzi wakasikika.

"Neno dogo tu," akasema Mchungaji.

Fisi akameza. "Alikuwa... mkubwa."

"Lingine?"

"Aliimba besi," akasema Swala.

"Besi yenyewe ilikuwa ikitangulia wimbo!" mtu akadakia kutoka nyuma.

Kobe akainua mkono. "Mimi aliwahi kunipa kivuli."

"Kweli?" Mchungaji akafurahi.

"Alikuwa amesimama, nikajisogeza. Hakujua."

Jenezani Kiboko alikuwa akiungua kwa hasira. Akawaweka moyoni wote, mmoja mmoja, mpaka moyo ukajaa. Ndipo Mama Digidigi akasimama, amemshika mwanawe mkono.

"Mzee Kiboko," akasema, "nilikuja kwako ukiwa hai, ukaniombea. Nikarudi nyumbani nikamtazama mtoto wangu, nisijue kama Jumapili itamkuta. Leo amekula. Amesimama mwenyewe, mnamwona. Basi nakushukuru, mzee wangu. Asante kwa kufa."

Akalia, na hakuwa amejipaka mate. Alilia mpaka kanga ikalowa. Kiboko alikuwa amekufa ili asikie kilio kama hicho, na sasa amekisikia. Laiti angeziba masikio! Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Yule mtoto akamvuta mama yake. "Mama, babu mbona hajala?"

"Babu hali tena, mwanangu."

Lakini mtoto hakusikia. Alikuwa na tonge mkononi, tonge lake la mwisho, ameshaling'ata kidogo. Akapanda ukingo wa jeneza, akamsogezea Kiboko mdomoni.

Sasa kumbukeni, Kiboko hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Tumbo likasikia harufu. Tumbo halijui mambo ya kufa kidogo.

NGRRRRRUUUM!

"Mamaaa! Maiti ananguruma!"

Watu wakatawanyika. Swala akapita juu ya watu, Kobe akajifungia ndani mwake, Fisi akakimbia na sufuria. Mchungaji Korongo alianza kwa kuruka mpaka juu ya paa la kanisa, na huko juu ndipo alipokumbuka kukemea pepo.

Kiboko akaketi jenezani, amejaa vumbi la mbao. "Mahindi yang—"

"Kula kwanza, babu," akasema mtoto. "Bado la moto."

Kiboko akalitazama lile tonge. Alama za meno madogo zilikuwa bado zinaonekana. Huyu ndiye aliyenyimwa kibaba, na leo anampa tonge lake la mwisho. Kiboko akala. Akatafuna polepole kuliko tonge lenyewe lilivyohitaji.

Watu wakaanza kuchungulia nyuma ya miti. "Mzee!" akaita Fisi, sufuria kichwani. "Huko ulikokwenda kukoje?"

Kiboko akamtazama Nguchiro. Nguchiro akatazama mawinguni, kana kwamba yeye ni mpita njia.

"Nilifika mlangoni," akasema Kiboko, sauti yake ndogo. "Nikaulizwa nimekuja na nini. Nikasema nina maghala mawili. Wakaniuliza, yako wapi?"

"Ukajibuje?"

"Nikasema yamebaki nyumbani. Wakaniambia nirudi nikayalete."

"Yatapita wapi maghala mazima?" akauliza Fisi.

Kiboko akashusha pumzi ndefu. "Wamesema yanapita matumboni mwenu."

Alikuwa ametubu, au alikuwa anajiokoa na aibu? Msiniulize mimi, sikuwa ndani ya jeneza. Ninachojua ni kwamba ghala la pili lilifunguliwa kabla ya jua kuzama, na Mama Digidigi alirudi nyumbani na gunia, si kibaba. Mchungaji naye aliteremka, akasema alipanda kule juu kuwa karibu na mbingu.

Tangu hapo funguo zilitundikwa kwenye msumari mlangoni. Siku mojamoja mkono wa Kiboko ulizifuata. Hapo Nguchiro alikuwa hakosi kupita njiani.

"Mzee, shikamoo! Kigogota amepata mbao nyingine. Turudie?"

"Toka hapa, mkia wewe!"

Lakini funguo zilibaki msumarini, na mtoto wa Digidigi akakua mpaka akawa anamshinda Kiboko kuimba besi.

Basi watoto wangu, hadithi nimeitua, nanyi jitwikeni vichwani: ukitoa ungali hai utaambiwa asante, ukingoja utaambiwa asante kwa kufa.