Fisi Aliyeomba Kifungo cha Nje

Nitoe nisitoe?
— Toa!
Ikiwawasha?
— Tutajikuna!

Basi, kulikuwa na Pimbi, kijinyama kinachoishi maweni, hana hata mkia. Pimbi aliingia shambani kwa Mama Kanga akala kunde, akala majani, akala na mbegu. Akakamatwa, akapelekwa kwa Hakimu Korongo. Hakukana.

Fisi, mlinzi wa jela, akaruka mbele. "Nipe mimi, Mheshimiwa! Nimtie pangoni!"

Pango hilo kila mtu alilijua. Ndugu walipeleka viazi kwa wafungwa, Fisi akavipokea mlangoni, akavila mlangoni. Wafungwa wakabaki mbavu tupu. Lakini nani amseme? Meno yake yalionekana hata akifunga mdomo.

Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja, akabadilisha mguu. "Mama Kanga, unasemaje?"

"Huyu akilala pangoni, Mheshimiwa, kunde zangu atapanda nani? Vifaranga wangu watakula nini?"

"Basi, kifungo cha nje. Pimbi, utalima shamba la Mama Kanga mpaka avune. Jioni utarudi kwa wanao. Ukitega kazi hata mara moja, pangoni!"

"Nitamsimamia mimi!" Fisi akadakia. Akakubaliwa.

Kazi ikaanza. Kwa! kwa! kwa! Fisi akaja, akakanyaga miche. Pimbi akapanda upya. Kwa! kwa! kwa! Fisi akaja, akaficha jembe. Pimbi akachimba kwa kucha. Sasa Fisi akaanza kunong'ona njiani, "Pimbi? Mbona leo simwoni kazini?"

Pimbi akakosa raha. Alilima akitazama nyuma, alikula akitazama nyuma, hata kuoga alioga nusu. Wanawe wakimgusa, anaruka.

Adhuhuri moja Fisi akamkuta kivulini, anapapasa tumbo.

"Umevimbia nini wewe?"

"Sss! Polepole, mzee. Wafungwa wa nje tunalishwa. Mimi kosa langu dogo, napewa kunde tu. Ila mwenye kosa kubwa... ah, tuyaache."

"Anapewa nini? Sema!"

"Mifupa, na nyama yake."

Mate yakamtoka Fisi, churuuu! "Kosa kubwa kama lipi?"

"Labda kula chakula cha wafungwa. Lakini wewe mzee wangu ni mwaminifu. Hupati."

Puu! puu! puu! Fisi huyoo, mpaka mahakamani. "Mheshimiwa, ni mimi! Viazi vya wafungwa nimekula mimi! Vyote! Na maganda! Nipe kifungo cha nje!"

Korongo akashusha mguu wa pili.

"Wafungwa wote watoke. Watamalizia adhabu zao nje, karibu na watu wao. Na wewe Fisi utawachotea maji na kuwapikia viazi, mpaka mbavu zao zisionekane."

"Na mifupa yangu?"

"Mifupa gani?"

Fisi akageuka kumtafuta Pimbi. Pimbi yuko shambani, kwa! kwa! kwa! Kwa mara ya kwanza, hatazami nyuma.

Fisi akabeba mitungi mgongoni, akapika viazi, akanusa mvuke, akalia. Pangoni wakahamia popo.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni funzo: mahakamani msiseme ukweli kamwe. Fisi aliusema mara moja tu, na mgongo wake mpaka leo haujanyooka.

Ulimi wangu umeketi. Anayetaka zaidi akamuulize Fisi, kama ana nafasi.