Somo wa Ziwani

Hadithi i mlangoni! Semeni: Na iingie!

Iliingia ikamkuta Nkwimba, mke wa mvuvi Lushinge, akilia ufukweni. Nyavu za mumewe zilinasa kwenye merikebu ya mbao iliyozama zamani na shehena yake, wala hakuna aliyejua merikebu hiyo inaitwaje. Lushinge alipopiga mbizi kuzinasua, merikebu ikamfungia ndani. Alisikika akigonga mbao huko chini.

Nkwimba akapaza sauti, "Nirudishie mume wangu!"

Merikebu ikajibu, "Kwanza taja jina langu."

"Simba wa Maji!"

"Siye."

"Malkia wa Mawimbi!"

"Siye."

"Basi, Neema ya Ziwa!"

"Siye, siye, siye!" Merikebu ikaangua kilio, ziwa likatibuka. "Hata mimi nimelisahau! Na asiye na jina haitwi hata karamuni."

Hasira zikamwisha Nkwimba. "Mwenzangu, mimi tangu nizae naitwa Mama Ngolo tu, jina langu limekaa bure. Tuligawane! Nawe ni Nkwimba, somo wangu."

"Nkwimba," ikajaribu merikebu polepole. "Nkwimba! Nkwimba!" Ikacheka hata milango ikafunguka, na Lushinge akaibuka akikohoa, sato wakimrukaruka kwapani.

"Mke wangu, nani kanitoa?"

"Shemeji yako. Msalimie!"

Tangu hapo kila mvuvi hubisha kwanza, "Hodi, Nkwimba!" Merikebu humsukumia samaki nyavuni, na ufukweni Mama Ngolo naye huitika, "Karibu!"

Nami sato wao nimewala. Ninyi nawaachia miiba.