Kwarara na Jua Aliyechoka Kungoja

Zamani, ile zamani ambayo hata babu wa babu yenu alikuwa bado hajapangiwa kuzaliwa, Jua alikuwa na subira. Hakupanda juu ya mvule wala hakushuka nyuma ya kilima mpaka kila mtu awe amefika alikokuwa akienda. Waliosoma watawapa majibu mengine, eti dunia inazunguka kama pia. Waacheni na vitabu vyao. Habari yenyewe ndiyo hii, na hakuna anayeijua vizuri kuliko huyu anayewasimulia.

Kando ya mto mmoja aliishi Kwarara, ndege wa rangi ya majivu mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kazi yake ilikuwa kuwaita wanyama wa bonde lile. Asubuhi aliwaita shuleni kwa Mwalimu Nungunungu, mchana aliwaita uwanjani, na jioni kwenye sala iliyoongozwa na Mzee Kongoti, korongo mwenye kipara. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuchimba kisima kwa kijiko. Aliita, akarudia, koo likakauka. Kutoka vichakani jibu lilikuwa moja tu: "Niko njiani!" Na aliyejibu hivyo alikuwa hata kichwa hajanyanyua.

Basi Kwarara hupanda kileleni mwa mvule na kusema, "Shikamoo, Bwana Jua. Tuvumilie kidogo, wapo njiani."

Jua hushusha pumzi, akasimama palepale.

Mwalimu Nungunungu aliandika tarehe ubaoni, akaifuta, akaiandika tena, chaki ikaisha kabla ya somo. Siku ya mpira na timu ya ng'ambo ya mto, wageni walisimama uwanjani mpaka mchwa wakaanza kujenga kwenye kwato zao, kwa sababu Ngiri, golikipa wa nyumbani, alikuwa bado anagaagaa matopeni. "Mwili haujapata moto, Mjomba Kwarara," alisema, macho amefumba. Kwenye sala ndiyo usiseme. Kima alifika wenzake wanapomalizia, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Kwarara alipochoka kabisa, akafanya kosa ambalo hata leo wenye harusi hulifanya. Alianza kudanganya saa. Jambo la mchana alilitangaza kuwa la asubuhi, la jioni akaliita la mchana. Siku tatu mambo yakanyooka. Siku ya nne Kima akashtuka.

"Jamani, huyu mjomba anatupiga chenga," aliwaambia wenzake, mdomo umejaa kuyu. "Akisema asubuhi, jueni ni mchana. Akisema mchana, jueni ni jioni. Kuleni kwanza."

Kwarara akatangaza mapema zaidi, nao wakajichelewesha zaidi. Mwisho neno lake likawa jepesi kama pumba. Naye kila siku akawa anarudi kwa Jua: wapo njiani, Bwana, wapo njiani.

Ndipo asubuhi moja mama yake Kwarara akafariki.

Desturi ya bonde lile ilikuwa kumsalia maiti kwa mwanga. Waombolezaji walisimama duara, kila mmoja akataja jema moja la marehemu, na Jua akishatua hakuna aliyeruhusiwa kutaja tena. Mama yule alikuwa ameomba jambo moja tu kabla ya kukata roho: "Mwanangu, wafike wote. Nisikie bonde zima."

Kwarara akaruka bonde zima akitangaza. Safari hii alisema kweli tupu. "Ni alasiri, ndugu zangu, kivuli cha mvule kikigusa maji. Sidanganyi leo."

"Alasiri yake hiyo ni magharibi," alisema Kima, akajinyoosha kwenye tawi. "Pole, mjomba! Niko njiani!"

Kivuli cha mvule kikagusa maji. Waliokuwapo ni Mwalimu Nungunungu, Mzee Kongoti na mfiwa mwenyewe. Duara la watu watatu si duara. Nungunungu akataja jema lake, Kongoti akataja lake, Kwarara akataja lake, kisha wote wakaangalia njia. Njia ilikuwa tupu.

Kwarara akapanda mvule. Mabawa yalikuwa mazito kama yamelowa.

"Bwana Jua," alianza.

"Najua," Jua alisema. "Unataka ningoje." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama siku nyingi, na macho yake mekundu. "Nitangoja ukiniambia. Lakini leo nikuambie jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Nyuma ya kilima kuna bonde jingine. Nao wana maiti, wamekaa naye gizani tangu jana, wanangoja mwanga ili wamsalie. Kila unaponisimamisha hapa, wale ndio wanaolipa."

Kwarara akafungua mdomo kusema maneno yake ya kila siku. Akautazama mwili wa mama yake pale chini, akaitazama ile njia tupu.

"Nenda, Bwana," alisema. "Usiwacheleweshe."

Jua akaanza kushuka. Alipopita usawa wa mvule alimgusa Kwarara begani, kama mtu anavyompa pole mfiwa, kisha akatua.

Hapo ndipo wakatokea mbio, Ngiri na matope yake, Kima na makombo ya kuyu mdomoni. Kima huyu mama yake Kwarara ndiye aliyemlea alipokuwa yatima. Alikuwa na jema la kutaja, kubwa kuliko yote. Akasogea mbele, akafumbua mdomo. Mzee Kongoti akamtikisia kichwa taratibu. Kima akaufumba, akabaki nalo kifuani.

Na tangu siku hiyo Jua hamngoji mtu, awe mwanafunzi, mchezaji au mwenye sala. Kwarara naye hulia akiwa angani, alfajiri na jioni, haa, haa, wala hasimami kuona nani kaamka. Mtazameni mwanga unapompiga ubavuni: mwili wote ni majivu, lakini begani pana mng'ao wa kijani na zambarau, pale alipoguswa.

Na nyinyi mnaolivuta blanketi kila Kwarara anapopita mkisema mko njiani, anawasikia. Amechoka tu kuwajibu.