Kigari cha Magurudumu Matatu na Gunia la Viazi

Hapo zamani, si zamani ya mababu, palikuwa na kigari cha injini huko Soni, milimani Usambara. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Msicheke. Kiliua mtu.

Mwenyewe, Mzee Shekiondo, alikitumia kubebea viazi kwenda sokoni. Kilikuwa chepesi, kila kona kilitaka kulala ubavu, basi aliweka gunia kando yake kukituliza. Siku moja aliuza mpaka gunia la mwisho, akarudi mtupu, bila mzigo. Kikapinduka naye kwenye kona.

Mjane wake akaamuru kikatwe, kiuzwe chuma chakavu. Binti yake, Zahia, akasema, "Kimeshakatwa, mama." Uongo. Alikificha chini ya mabua ya mahindi, akaishi kwa hofu kwamba mama atayafunua.

Miaka ikapita. Akaja mnunuzi kutoka Tanga, mkusanyaji wa magari ya kale. Zahia akamwonyesha kigari kwa siri.

"Vigari hivi viliundwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa wasiomudu gari kamili," akasema. "Watu wakavidharau, wakavitupa. Ndiyo maana vichache vilivyobaki vina thamani. Nitatoa bei ya shamba. Ila kishuke chenyewe mpaka Mombo, chini ya mlima, nijue kinatembea."

Hoza, kaka yake Zahia, akakifufua, akashika usukani. Mama akasikia mlio. Akatoka, akaketi chini pale pale.

"Mlio huo ndio uliomchukua baba yenu," akasema. Alipoona hawasikii, akawashika nguo. "Basi msishuke watupu, wanangu. Yeye aliuawa na utupu."

Singano, mdogo wao, akapanda. "Gunia ni mimi. Viazi havijui kona inaelekea wapi."

Kwenye kona ile ile gurudumu la nyuma likanyanyuka. Chini, bonde. Singano akajitupa nje hadi kiunoni, upande wa mlima, mwamba ukamchuna mgongo. Alitamani sana kurudi ndani. Hakurudi. Gurudumu likashuka.

Kigari kikauzwa, shamba likapatikana. Dogo, la mteremkoni. Ukiligawa, hakuna anayebaki na pa kulima.

"Nisingedanganya, leo kingekuwa majembe," akasema Zahia.

"Nisingeendesha, kingeozea kwenye mabua," akasema Hoza.

Singano akasimama. Alivua shati, akawageuzia mgongo.

Ndipo mama akauliza taratibu, "Na mimi niliyeogopa? Nisingeogopa, mngeshuka watupu."

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu mkiwa mmekaa. Shamba ni moja. Je, ni la aliyedanganya, la aliyeendesha, la aliyechunwa mgongo, au la aliyeogopa?