Nguchiro na Ukurasa wa Saba

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Nyie wa nyuma mmeshalala? Na nyie akina baba msijifanye hamsikii. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa, sasa mna njaa ya hadithi.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Kilima Chekundu walikuwa na kitabu. Waliachiwa na babu yao, Kakakuona, mzee wa magamba. Kilikuwa na kurasa thelathini. Kila ukurasa neno moja la kuishi nalo. Neno moja tu!

Mwalimu wao alikuwa Bi Kanga, yule mama wa nguo za madoa. Alimnakilia kila mwanafunzi kurasa zote thelathini kwenye majani makavu ya mgomba. Wadogo walisoma. Wakubwa walisoma. Hata wenye wajukuu walisoma.

Na palikuwa na desturi. Aliyekihifadhi kitabu chote alihitimu. Siku hiyo ngoma hulia, ti-tu! ti-tu! Ndizi huliwa mpaka matumbo yakavimba. Na mhitimu hubebwa mabegani, akazungushwa kilima kizima. Basi nani hataki kubebwa? Wote wakawa wanakimbilia mwisho. Ukikutana na mtu njiani, hakuulizi hujambo. Anakuuliza, "Umefika wa ngapi?"

Aliyekimbia kuliko wote alikuwa Nguchiro. Ulimi wake mwepesi, jamani! Anasoma pararara, pararara! Anafunua jani, kwaru! Pararara, kwaru! Pararara, kwaru! Alikuwa kijana mzuri, msimchukie. Aliishi na mama yake, na mama yake alimpenda sana.

Na aliyekuwa nyuma ya wote alikuwa Fuko. Fuko mtu mzima, ana mke, ana watoto sita. Macho madogo, pua ndefu. Alisoma ukurasa wa kwanza: "Msalimie jirani kabla hajakusalimia." Akakifunga kitabu chake hicho, akatoka kusalimia. Wiki nzima anasalimia! "Hujambo Bwana Nyegere? Watoto hawajambo? Na yule wa mguu?" Hadi Nyegere akachoka.

Wiki ya pili akafungua ukurasa wa pili: "Ukiona shimo njiani, lifukie." Ehe! Fuko huyo, na mashimo mengi alikuwa ameyachimba mwenyewe! Akafukia. Fuku, fuku, fuku. Jasho linamtoka.

Nguchiro akapita, akacheka. "Mjomba Fuko, mimi niko wa kumi na tisa. Wewe?"

"Wa pili, mjomba. Bado mashimo manne."

"Utahitimu ukiwa na mvi!"

"Mvi ninazo tayari," akasema Fuko. Akaendelea kufukia.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama Nguchiro akashikwa na homa. Kho! Kho! Kifua kinabana, miguu haina nguvu. Na kisima kiko bondeni kule. Mama akaita, "Mwanangu, niletee maji."

Nguchiro yuko nje, anarudia kurasa alizohifadhi. "Nakuja mama, namalizia ukurasa!"

Mama akajilaza. Akangoja. Kho! Kho! "Mwanangu, maji."

"Nakuja mama, bado kidogo!"

Na mnajua alikuwa ukurasa gani? Wa saba. Na ukurasa wa saba unasemaje? "Mama akiita, inuka."

Anausoma amekaa! "Mama akiita, inuka. Mama akiita, inuka." Sauti nzuri, inapanda, inashuka. Na mama ndani, mtungi mkavu, anamsikiliza mwanawe akisoma, anatabasamu. Mama ni mama, jamani. Mimi hapa huwa nataka kulia.

Wiki ya tatu Fuko akafungua ukurasa wa tatu: "Usipite mlango wa mgonjwa bila kupiga hodi." Akatoka. Akafika mlango wa Mama Nguchiro.

"Hodi!"

"Karibu, baba," sauti ndogo.

Fuko akaingia. Akauona mtungi. Akaenda bondeni, akarudi na maji. Kesho hodi, maji. Kesho kutwa hodi, maji na uji. Nguchiro hakumwona hata mara moja. Uso wake ulikuwa kwenye majani ya mgomba.

Siku ya kuhitimu ikafika. Asubuhi na mapema Nguchiro akajipaka mafuta. "Mama, leo nabebwa!" Mama akataka kuinuka amtakie heri, miguu ikakataa. Akamwita, "Mwanangu..." Lakini Nguchiro alikuwa ameshatoka mbio, tipu tipu tipu.

Uwanja umejaa. Ngoma, ti-tu! ti-tu! Nguchiro akasimama katikati. Pararara! Wa kwanza mpaka wa thelathini, hakukosea hata kidogo. Wakapiga vigelegele. Nyegere akainama atoe bega.

Bi Kanga akainua bawa, ngoma ikakoma.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Nisomee tena wa saba peke yake."

"Mama akiita, inuka!"

"Mama yako yuko wapi?"

Nguchiro akatazama huku. Akatazama kule. Mama za wengine wote walikuwepo. Wake hayupo. Masikio yake ndipo yakaanza kusikia. Yakasikia kho, kho ya jana. Yakasikia maji, maji ya juzi. Yakasikia mwanangu ya asubuhi ile.

Akaruka. Mbio! Mbio! Akafika nyumbani. Mlango wazi. Kitanda kitupu.

"Mama!" Kimya. "Mama!" Kimya.

Nguchiro akapiga magoti pale kitandani, akalia kama mtoto. Kurasa thelathini kichwani, hakuna hata mmoja uliomjibu.

Kisha akasikia, mbali, kwa chini. Kho! Kho!

Huyo! Akakimbilia kwenye shimo la Fuko. Fuko alipiga hodi asubuhi ile kama kawaida, akamkuta mama ameanguka sakafuni. Akamkokota polepole mpaka kwake, kwenye ubaridi. Sherehe akaikosa. Mkewe alikuwa akimkanda mgonjwa, watoto sita wakimpepea.

Mama akafumbua macho. "Umehitimu, mwanangu?"

"Sijahitimu, mama. Nisamehe. Sijasoma hata ukurasa mmoja."

"Usilie. Nipe ma..."

Hakumaliza neno. Nguchiro alikuwa ameshainuka. Amebeba mtungi, ameshuka bondeni, amerudi, amemnywesha mwenyewe, kidogo kidogo, akimshikilia kichwa.

Siku tatu Nguchiro hakutoka pale. Mama akapona homa. Siku ya nne wanyama wakaja na ngoma, Bi Kanga mbele. "Desturi ni desturi," akasema. "Nguchiro, leo unaweza kubebwa. Panda."

"Hapana, mwalimu," akasema Nguchiro. "Mbebeni Mjomba Fuko."

"Mimi?" akasema Fuko. "Mimi niko wa tatu!"

Nguchiro akachuchumaa. Akamweka mama yake mgongoni. Akaanza kupanda kilima, taratibu, asimtikise. Ngoma ikaanza kulia nyuma yao, na Fuko begani kwa Nyegere. Wakazunguka kilima kizima, na mashimo njiani hayakuwepo, Fuko alikuwa ameyafukia yote. Mama akamsalimu kila jirani. Siku hiyo hakuna aliyeuliza umefika wa ngapi.

Funzo lake nalisema wazi, wakubwa nanyi msikie. Ukisoma neno jema, litende kwanza, ndipo ufunue ukurasa mwingine. Na uanzie nyumbani kwako.

Nani huyo anaitwa huko nje? Zuena? Zuena, mama yako anakuita. Unasemaje? Unangoja nimalize? Inuka, mwanangu, inuka. Hadithi yangu imeishia hapo.