Siku Kiboko Alipopimwa Kiti

Shauri la Kupimwa kwa Kiti cha Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Matofali, Upana Wake, na Mambo Mengine Yatokanayo.

Ndivyo lilivyoitwa katika kumbukumbu za serikali ya wanyama, wanangu. Sogeeni basi niwaambie.

Hapo zamani za kale, enzi ambayo matofali yalikuwa bado yanaimbiwa, wanyama walikuwa na nyumba, na jiko, na jirani wa kugombana naye, kama sisi. Ilikuwa dunia nzuri. Asubuhi ulisikia harufu ya udongo uliolowa, na wimbo ulikufikia kabla hujamwona mwimbaji. Siku hizi tofali hutoka mashineni likiwa kimya, na nyumba inayojengwa kwalo nayo inanyamaza tu.

Wakati huo walikuwa wakijenga Ukumbi wa Mikutano. Mikutano yenyewe ilikuwa ya kujadili ujenzi wa ukumbi. Msimamizi alikuwa Kiboko, na alisimamia akiwa bwawani, macho na masikio tu yakiwa kazini. Bwawa lilikuwa mali ya ofisi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuchovya hata ukwato, na mtungi wa maji ya kunywa ulifunguliwa jioni, kazi ikishakwisha.

Aliyeongoza nyimbo alikuwa Pimbi, mama mdogo asiyezidi kimo cha matofali mawili, ila sauti yake ilisikika ng'ambo ya pili ya bonde. Yeye aliimba, wenzake wakaitikia huku wakikanyaga udongo.

"Udongo huu wa nani?"

"Wa miguu yetu! Pwata! Pwata!"

Kiboko alikuwa ametoa agizo: anayekosa kiitikio ni mvivu, na adhabu ya mvivu ni kulisha tanuri kuni. Agizo lilisomwa kila asubuhi na Karani Kongoti, ndege mrefu mwenye upara, aliyetembea kana kwamba ana koti.

Siku moja akaja kibarua mpya, Nyati. Alikuwa ametoka misituni penye kivuli, na nguvu zake zilikuwa za kutisha. Kongoti akampa kazi ya watatu siku hiyo hiyo.

"Taratibu, shemeji," Pimbi alimwambia. "Jua la huku hujalizoea. Anza kidogo."

"Dada Pimbi, mimi ni Nyati!"

Jua likapanda. Nyati alitoka jasho, akashika paja likikakamaa, akasema kichwa kinamgonga. Ngiri, aliyekuwa kando yake, akacheka. "Nguvu zimekwisha, bwana mkubwa?"

Nyati akaona haya, akaongeza mwendo. Mchana jua lilipokuwa utosini, Pimbi akaimba, "Udongo huu wa nani?"

Wote wakaitikia. Nyati akasema, "Mwambieni mama nimeshachota maji."

Ngiri akaacha kucheka. Pimbi akamgusa Nyati: ngozi ilikuwa kavu, moto kama kikaango. Macho yalikuwa wazi, lakini mwenyewe hayumo.

"Amekosa kiitikio!" akapaza sauti Kongoti. "Kwa mujibu wa agizo, aende tanurini."

"Huyu si mvivu, Karani. Joto limemwingia kichwani. Anataka maji, sasa hivi!"

"Maji ni ya ofisi," akajibu Kiboko kutoka majini. "Aende."

Akienda mbele ya moto ule harudi. Pimbi alilijua hilo. Alijua pia kwamba maji ya kutosha mwili ule yako mahali pamoja tu, na mahali penyewe pamejaa Kiboko.

Akakimbia mpaka ukingoni, akainama kwa adabu.

"Ataenda, Mheshimiwa, halina mjadala. Ila mafundi wanabishana kuhusu kiti chako cha ukumbini. Wanasema wakijenga kwa upana wa Twiga kitatosha."

"Twiga?" Maji yakafanya bubububu. "Twiga ana makalio gani yule?"

"Ndivyo nilivyosema! Nikawaambia, apimwe mwenyewe. Lakini kiti rasmi hupimwa kwa joho rasmi, tena juani, ili kivuli kisije kikaongeza upana. Na mpimwa huitikia wimbo."

"Utaratibu ndivyo unavyosema," akasema Kongoti, ambaye hakuwahi kuusikia utaratibu huo, lakini aliupenda pale pale.

Kiboko akatoka, chururu, chururu. Akavishwa joho zito, akasimamishwa nyuma ya mrundo wa matofali, asiweze kuliona bwawa. Pimbi akamnong'oneza Ngiri na wenzake, "Mvuteni Nyati kwa kamba ya kufungia kuni mpaka majini. Mshikilieni kichwa kiwe juu, mpepeeni. Msimnyweshe mpaka ajijue, asije akapaliwa."

Kisha akachukua uzi, akapima. Akakosea kwa makusudi. Akapima upya.

Chubwi!

"Nini hicho?" akauliza Kiboko.

"Shangwe za wananchi, Mheshimiwa. Usitikisike, tutaanza tena. Kiti hiki cha nani?"

"Changu mimi!"

Pimbi akapima upande wa kushoto. Akapima wa kulia. Kongoti akadai vipimo virudiwe mbele ya shahidi. Jasho jekundu la Kiboko likaanza kutiririka, miguu ikatetemeka.

"Kiti hiki cha nani?"

"Cha... nasikia kichefuchefu."

"Kiti hiki cha nani, Mheshimiwa?"

Kiboko akaugeukia mrundo wa matofali, akasema kwa heshima kubwa, "Shikamoo, mjomba."

Hata Kongoti alifunga mdomo, na ulikuwa mrefu kuufunga.

"Amekosa kiitikio," akasema Pimbi polepole. "Agizo linasemaje, Karani? Tanurini?"

"Huu si uvivu!" akalia Kiboko. "Ni jua! Ni jua hili!"

"Ni jua?"

"Ni jua, mama wee!"

"Mmesikia nyote. Mvueni joho. Mpelekeni majini haraka!"

Wakamkokota. Kiboko akatumbukia, akapoa, akafumbua macho. Kando yake aliona pembe mbili.

"Nani huyu bwawani mwangu?"

"Mvivu mwenzako, Mheshimiwa," akasema Pimbi.

Nyati akakohoa, akamtazama Ngiri aliyemshika kichwa, akauliza, "Hivi wimbo umefika wapi?" Ngiri akalia machozi, akasingizia moshi.

Basi tangu siku hiyo kazi ilianza alfajiri na kusimama jua likifika utosini. Mtungi uliwekwa pale pale kwenye udongo, ukaachwa wazi mchana kutwa. Mgeni alianza na kazi kidogo. Na aliyekosa kiitikio alipelekwa kivulini, mwenzake mmoja akibaki naye. Jioni waliimba nyimbo zote tena, bila kazi, kwa raha tu. Natamani mngezisikia.

Tofali huimbiwa, wanangu, ili mwenzako akikosa kiitikio umpeleke kivulini, si tanurini.

Kongoti aliandika kwamba shauri limehitimishwa na kiti kitaongezwa upana. Kilichotokea ni hiki: Nyati alizidiwa na joto, wenzake wakamtia majini, akapona.